Uzi maalumu: madumu, ndoo, kreti na viroba kwenye baiskeli, na namna ya kuvifunga visicheze

#1 Njiti40

Habari za leo wakuu. Swali la kubeba mzigo kwenye baiskeli linarudi kila mara, majibu yanatawanyika kwenye nyuzi kumi na hayapatikani tena. Tuyaweke hapa. Tunaongelea baiskeli ya kawaida ya chuma, tairi inchi 28, Phoenix, Avon, Hero na ndugu zao. Mtu hana mpango wa guta wala wa mabegi ya dukani. Vyombo ni vilivyozagaa mtaani: dumu la mafuta ya kula la lita 20, ndoo ya rangi, kreti la soda, kiroba, tenga, trei za mayai.

Nianze na uzito, maana ndoo haisemi imebeba nini. Chombo kile kile cha lita 20 kikiwa na maji ni kilo 20 na dumu lenyewe kama kilo moja. Mahindi makavu ni kilo 16 au 17, ndiyo maana debe sita zinafanya gunia la kilo 100. Nyanya zinaacha mapengo katikati, hazivuki kilo 12 au 13. Mchanga mkavu ni kilo 30 na ushee, na ukilowa ndiyo balaa. Keria nyingi zinavunjwa na mchanga kwa sababu mwenye baiskeli aliona "ndoo mbili tu".

Keria iliyokuja na baiskeli, isiyoongezwa chuma chochote, ipe kilo 50 kwenye lami na 35 kwenye njia ya mashimo. Najua wapo wanaopakia mia. Wapo pia wanaobadilisha keria kila msimu wa mavuno.

La pili, na ndilo kubwa kuliko yote: chombo chochote kinafaa mradi kisicheze. Dumu likiwa na nafasi ya kusogea sentimita moja tu, kila shimo linaligeuza kuwa nyundo, na nyundo hiyo inapiga sehemu moja, kile kijicho cha chini cha mguu wa keria kinapofungwa kwenye ekseli. Ukiona keria imekatika hapo, usilaumu chuma. Angalia mzigo ulikuwa umefungwaje.

La tatu ni kimo. Kilo 40 zikiwa usawa wa ekseli unaendesha kama kawaida. Kilo hizo hizo zikiwa juu ya keria, tena zimesimama wima, usukani unaanza kukataa ukipunguza mwendo, na ukisimama baiskeli inataka kulala. Kwa hiyo kizito chini pembeni, chepesi juu. Wachomeleaji na wenye mayai karibuni.

#2 MshambaMsomi

Shukrani mkuu kwa uzi. Nina swali moja. Madumu manne ya maji kwa safari moja, inawezekana bila kuua baiskeli? Na yakae wapi, maana juu ya keria yanaingia mawili tu.

#3 KereaNaNondo

@MshambaMsomi yanaingia, ila jua ni kilo 84. Tambarare unaweza kupanda, mlimani unakokota. Mawili pembeni, mawili juu. Hayo ya pembeni yanataka vibao vya nondo, na vipimo ni hivi.

Madumu mengi ya mafuta yana kitako cha kama sentimita 24 kwa 29 na kimo cha 38 hivi. Pima la kwako kabla ya kwenda kwa fundi, viwanda havifanani. Tengeneza fremu ya kitako kwa nondo ya milimita 10, ndani iwe kubwa kuliko dumu kwa sentimita moja tu jumla. Ukiiacha pana "ili liingie vizuri" umeshajitengenezea ile nyundo ya #1. Katikati ya fremu weka nondo mbili za milimita 8 zikatize, ndizo zinabeba kitako.

Kibao kikae usawa wa ekseli. Tairi la inchi 28 lina kipenyo cha karibu sentimita 70, ekseli iko kama 35 kutoka chini. Dumu la kimo cha 38 likikaa hapo kichwa chake kinafika karibu 73, yaani unakaribia kabisa usawa wa keria. Hapo unapata faida ambayo wengi hawaioni: yale madumu mawili ya juu yanaegemea keria na vichwa vya madumu ya chini kwa pamoja, badala ya keria kubeba peke yake.

Miguu ya kibao: miwili inapanda hadi kwenye keria na kuchomelewa kwenye bomba la pembeni, na mmoja wa mshazari unashuka kwenye ekseli. Huo wa mshazari ndio unaozuia kibao kunesa mbele na nyuma, na ndio mafundi wanaouruka ili kubana nondo. Usikubali. Mguu wa ekseli uishie kwenye kipande cha bamba la milimita 3 au 4 kilichotobolewa. Usipinde nondo kuwa pete, pete ya nondo inafunguka.

Upande mpana wa dumu uelekee tairi na upande mwembamba uangalie nyuma. Jumla ya upana inakuwa keria 15, dumu 24 na 24, pamoja na nondo, kama sentimita 65 hadi 68. Usukani wa baiskeli hizi ni mwembamba kuliko hapo. Kwa hiyo pale usukani unapopita, si lazima dumu lipite. Kwenye vijia vya mahindi na kwenye daraja la miti hilo ndilo linaloangusha watu.

Kisigino je? Sogeza kibao nyuma. Kaa kwenye baiskeli, pedali iwe nyuma kabisa, na kisigino kiwe na nafasi ya vidole vitatu kabla ya kugusa dumu. Usizidishe sana lakini. Dumu likivuka ekseli kwenda nyuma, usukani unakuwa mwepesi na gurudumu la mbele linanyanyuka mlimani.

#4 JiraniWaBusia

Wadau wa Tanzania salamu. Huku kwetu mitungi hufungwa kwa blada tu, hakuna nondo wala nini. Vipande vya tyubu kuukuu, unazungusha, unavuta, kwisha. Mbona mnajipa kazi?

#5 Njiti40

@JiraniWaBusia karibu jirani. Blada ni nzuri, huku tunaita mipira, lakini kila kitu na kazi yake. Mpira unavutika, na hapo ndipo uzuri wake na ubaya wake. Mzigo mwepesi, kilo 15 au 20, mpira peke yake unatosha, unabana hata kiroba kikipungua ujazo njiani. Mzigo mzito ukiufunga kwa mpira peke yake, kila shimo unaupa ruhusa ya kuruka sentimita mbili na kurudi. Kizito kinataka kamba isiyovutika, manila ya milimita 6 au katani, halafu mpira unapita juu yake kula ulegevu. Wengi wanafanya kinyume, mpira kwanza, kamba ya urembo baadaye.

Namna ya kukata mipira: tyubu ya inchi 28, ondoa kipande chenye valvu, kisha ipasue pande zote mbili kwa urefu. Unapata kamba mbili za kama mita mbili kila moja. Tumia mkasi, usitumie wembe. Wembe unaacha vijikato pembeni, na mpira ukivutwa hupasukia hapo hapo. Ukipata tyubu ya pikipiki ni nene zaidi na inadumu. Kamba ya mpira isiyozidi vidole viwili upana usiiamini kwa dumu.

Vitu viwili vinaua mpira: jua na mafuta. Ukiukunja ukaona vijiufa kama ngozi ya kisigino, tupa. Ukimwagikiwa mafuta ya kula au dizeli unavimba na kulegea, haurudi tena.

#6 JiraniWaBusia

Kamba nayo hulegea, mkuu. Unafunga vizuri, baada ya kilomita mbili inacheza.

#7 Njiti40

Inalegea kwa sababu inavutwa kwa mkono tu. Fanya hivi. Funga ncha moja chini ya keria. Pitisha kamba juu ya mzigo. Kabla haijafika upande wa pili, piga kitanzi kidogo kwenye kamba yenyewe, usawa wa katikati ya mzigo. Ncha ipite chini ya bomba la keria, irudi juu, iingie kwenye kitanzi, sasa vuta kuelekea chini. Kitanzi kinafanya kazi kama kapi, nguvu yako inakaribia kuwa mara mbili. Bana kwa vidole palipo kitanzi, piga mafundo mawili ya nusu. Kisha simama baada ya mita 500, si kilomita mbili, ukaze tena. Viroba vya nafaka hasa, vinajipanga upya mwanzoni kisha vinatulia.

Jaribio la kujua kama umefunga: shika mzigo wenyewe, siyo baiskeli, utikise. Baiskeli nzima ikitikisika pamoja nao, sawa. Mzigo ukitikisika peke yake, fungua uanze upya.

#8 KereaNaNondo

Kwa asiye na hela ya nondo ipo njia ya bei poa kabisa: dumu lenyewe kuwa begi la pembeni. Linafaa kwa mboga, vifaa vya fundi, mkate, vitabu, chochote kisichozidi kilo 8 hadi 10 kila upande. Maji hapana.

Chagua dumu lenye mbavu nne zilizonyooka, lisiwe la mviringo. Ndoo ya rangi ya duara haikai vizuri pembeni, inagusa keria kwenye mstari mmoja tu na inazunguka. Geuza dumu uangalie alama ya pembetatu chini. Namba 2 ndiyo plastiki ngumu tunayoitaka. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba: likilia "ka" na kuacha doa jeupe limeshaliwa na jua, achana nalo hata kama ni la bure. Zuri linanesa na kurudi kimya.

Chora mstari chini ya mabega, pande tatu tu, upande wa nne uache uwe bawaba ya mfuniko. Mpini unabaki juu, unaunyanyulia. Kabla ya kukata, toboa tundu la milimita 8 kwenye kila kona unapokusudia kugeuza kisu. Kona kali ya kisu ndiyo inayoanzisha ufa, tundu la duara linausimamisha. Matundu yote toboa kwa msumari wa inchi nne uliowashwa moto, si kwa ncha ya kisu. Moto unaacha ukingo mnene, kama pindo la nguo. Fanyia nje, moshi wake si wa kuvuta.

Sasa mgongo. Plastiki peke yake haibebi kulabu, inachanika. Weka ubao wa plaiwudi wa milimita 9 ndani, upana karibu sawa na dumu, kimo nusu ya dumu. Bolti nne za milimita 6, urefu sentimita 3, kichwa kiwe ndani na washa pana, nati nje. Ukigeuza, ncha za bolti zitatoboa kila kiroba utakachoweka humo. Kila bolti iwe na nati mbili, ya pili inaikaza ya kwanza, vinginevyo mtikisiko unazifungua ndani ya wiki.

Kulabu mbili za nondo ya milimita 6, ile ya ringi za nguzo za nyumba. Pinda kwa kuizungushia bomba lenye unene sawa na la keria yako. Kulabu ikiwa pana kuliko bomba itagonga, ikiwa finyu haiingii. Ivalishe kipande cha tyubu ili isile rangi na isilie. Mdomo wa kulabu ushuke chini ya bomba angalau sentimita 3, la sivyo tuta moja tu na begi limeruka.

Halafu sehemu ambayo watu wanaisahau: chini. Begi lililoning'inia kwa kulabu mbili za juu linapiga makofi kwenye spoki. Toboa tundu moja chini karibu na mgongo, pitisha mpira, uishie na kikulabu cha waya kinachoshika mguu wa keria karibu na ekseli. Uwe umekaza kiasi kwamba ili kulitoa begi unauvuta kwa nguvu. Toboa na vitundu viwili vya msumari mdogo kwenye kitako vya kutoa maji ya mvua.

Makali ya ukingo yafunike kwa bomba jembamba la umwagiliaji lililopasuliwa kwa urefu. Linajibana lenyewe.

#9 MshambaMsomi

Plaiwudi ikilowa si itavimba?

#10 KereaNaNondo

Itavimba. Ipake rangi ya mafuta mara mbili, hasa kingo, au tumia kipande cha bati nene kilichokunjwa kingo. Bati ni jepesi zaidi ila linataka mikono yenye uzoefu.

#11 MamaTrei

Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyegusa mayai, na mayai ndiyo yanaumbua ufungaji kuliko mzigo wowote. Mimi naongelea trei za karatasi za mayai 30.

Trei kumi ni mayai 300, kilo 17 au 18 tu. Uzito si shida, shida ni mtikisiko na kubanwa. Chini kabisa weka ubao mkubwa kidogo kuliko trei, sentimita 32 kwa 32, uliofungwa kwenye keria wenyewe kabla ya mayai kuja. Juu yake kipande cha godoro kuukuu, unene wa sentimita 5. Usizidishe godoro, likiwa nene mno mnara mzima unayumba na trei za juu zinapasuka kabla ya za chini.

Trei zigeuzwe robo, moja hivi, inayofuata hivi. Zikipangwa uelekeo mmoja zinataka kuzamiana, na anayebeba uzito anakuwa yai badala ya nundu za trei. Ncha nyembamba ya yai ielekee chini. Trei ya juu kabisa iwe tupu, imegeuzwa kifudifudi, halafu ubao wa pili. Kamba zipite juu ya ubao, zisiguse trei hata kidogo. Kamba ikigusa ukingo wa trei, inakata karatasi na yai la pembeni linakwenda nayo.

Hapa ndipo mpira unaposhinda kamba, @Njiti40. Mayai yanataka kubanwa kwa upole usiokoma. Mipira miwili mipana, msalaba, na mwingine mmoja kuzunguka kiunoni. Mnara usizidi trei sita kwenda juu. Zikiwa kumi na mbili, fanya minara miwili ya sita, kama yanavyopangwa kwenye katoni ya mayai 360. Minara miwili inataka ubao mrefu, mmoja mbele mmoja nyuma, si kulia na kushoto.

Na upepo wa tairi: kwa mayai punguza kidogo hadi kidole gumba kibonyee. Kwa madumu usithubutu, tairi laini chini ya kilo 80 linapasua tyubu kwenye ukingo wa rimu, mipasuko miwili sambamba kama meno ya nyoka.

#12 Njiti40

@MamaTrei hapo kwa mpira umenipata. Nakubali, mayai ni mpira.

#13 MtuWaTenga

Kreti la soda mnalisahau jamani. Lile la vyumba 24, ukitoa vigawanyo vya ndani kwa msumeno mdogo unabaki na sanduku lenye kuta ngumu, mashimo tayari ya kufungia, na halinyonyi maji. Angalizo: makreti ni mali ya kampuni na yana amana, nunua lililovunjika vigawanyo, usikate zima la dukani. Lifunge kwa waya wa kufungia nondo sehemu sita, nne kwenye kona na mbili katikati, waya upite chini ya bomba la keria na kusokotwa kwa koleo. Ncha za waya zikunje zielekee chini. Katikati ya kreti na keria weka vipande vinne vya ndara kuukuu, kila kona kimoja. Bila hivyo plastiki inasagika na chuma, mwaka mmoja kitako kimeisha.

Kwa nyanya, kreti ni bora kuliko tenga. Tenga ni refu, nyanya za chini zinabeba wenzao na zinafika zimekuwa supu. Kimo cha nyanya kisizidi sentimita 25 au 30. Ukilazimika kutumia tenga, tandika majani makavu ya mgomba chini na pembeni, fito za tenga zina vichomozi, na kila kichomozi kinatoboa.

Kuku wanataka tenga, hilo halina mbadala. Hewa ipite pande zote, wasimame bila kukunja shingo, na mlango ufungwe kwa kamba si kwa kijiti. Kuwaning'iniza miguu juu kwenye usukani ni kuwatesa, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mbali na sheria, kuku aliyening'inizwa anapiga mbawa kwenye gurudumu la mbele, na kinachofuata mnakijua.

#14 JiraniWaBusia

Na maziwa? Hapa watu wengi bado wanabeba kwa mtungi wa plastiki wa lita 20.

#15 MamaTrei

Si zuri, ndugu. Mdomo wa dumu ni mwembamba, mkono hauingii, na kona ya ndani ya mpini haisuguliki kamwe. Mafuta ya maziwa yanakaa humo na ya leo yanachachuliwa na ya jana. Vituo vingi vya kupokea maziwa vinayakataa yakija kwenye plastiki. Tafuta keni ya aluminiamu yenye mdomo mpana, hata ya lita 10. Hiyo ni ya duara, kwa hiyo inataka pete ya nondo ya kuikalisha, imevalishwa tyubu. Ijaze mpaka shingoni. Iliyojaa nusu inapiga mawimbi, usukani unakwenda unakotaka yenyewe na maziwa yanasukika njiani.

#16 MshambaMsomi

Dumu langu limepata ufa wa urefu wa kidole kwenye kitako. Supaglue imebanduka. Kuna dawa?

#17 KereaNaNondo

Hakuna gundi ya duka la mtaani inayoshika plastiki ile, usipoteze hela. Dawa ni mbili. Kama ni begi la kubebea vitu vikavu, shona: toboa kitundu mwisho wa ufa pande zote mbili ili usiendelee, kisha safu mbili za vitundu, sentimita moja kutoka kwenye ufa, kila sentimita mbili kitundu. Pitisha waya wa kufungia kama unashona kiatu.

Kama ni la maji, yeyusha. Kata ukanda mwembamba kutoka dumu jingine la aina ile ile, pasha moto bapa la chuma, yeyusha ufa na ukanda kwa pamoja, usiupake juu tu kama siagi. Upande wa nje na wa ndani kama mkono unafika. Kwenye kitako ninashauri lisirudi kwenye maji ya safari, libaki la nyumbani.

ONYO: dumu lililowahi kubeba petroli au mafuta ya taa usilisogeze karibu na moto, hata kama limekauka na limeoshwa. Mvuke uliobaki unalipuka.

#18 Njiti40

Niongezee hapo hapo. Dumu lililokuwa na dawa za mimea au za mifugo lisibebe maji wala chakula, hata ulisuguaje. Plastiki inanyonya sumu na kuitoa polepole. Yasuuze mara tatu, yatoboe, yasirudi sokoni. Na wewe mnunuzi nusa kabla ya kulipa. Harufu ya dawa inajificha kwenye uzi wa mfuniko, si ndani.

Sasa magurudumu, maana tumeongea vyombo tu. Baiskeli nyingi za aina hii zina spoki 40 nyuma na 32 mbele, na hiyo si bahati mbaya, nyuma ndiko mzigo uliko. Kabla ya kupakia, zibane mbili mbili kwa vidole ukizunguka gurudumu lote. Inayolegea ndiyo itakayokatika. Spoki haikatwi na uzito wa siku moja, inakatwa na kukaza na kulegea kila mzunguko, na inakatikia shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye habu. Moja ikikatika jirani zake wanabeba kazi yake. Mbili zikikatika, shusha mzigo.

Nati za ekseli zikazwe kila baada ya kufunga kibao kipya, kwa kuwa sasa zimebana mabamba mengi zaidi na mabamba hayo yanajipanga. Ekseli iwe na uzi wa kutosha kupita nati angalau mizunguko mitatu. Ukiona nati imeishia pembezoni, nunua ekseli ndefu.

Breki za fimbo kwenye rimu iliyolowa hazina maana yoyote ukiwa na kilo 80. Mteremko mkali shuka, kokota, simama upande wa kushoto wa baiskeli, mkono mmoja usukani na mwingine kwenye keria. Na kiakisi chekundu cha nyuma kihamishie kwenye dumu au kreti. Pale kwenye madigadi kimeshafunikwa na mzigo, lori la nyuma yako halikuoni.

#19 MtuWaTenga

Stendi nayo. Ile ya mguu mmoja haifai kabisa. Ya miguu miwili ya nyuma inasimama vizuri mpaka utoe dumu la upande mmoja. Pakia kwa kupishana, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na kushusha hivyo hivyo. Ukiwa peke yako beba fito yenye panda, kimo cha kutoka chini hadi chini ya tandiko, uegemeze upande unaopakua mwisho. Fito hiyo hiyo unaifunga kwenye mlingoti wa fremu ukiwa safarini.

#20 MshambaMsomi

Shukrani wote. La mwisho: mfuniko wa dumu unatoa maji kila tuta, mguu wa suruali unafika umelowa. Zamani watu walikuwa wanaweka kipande cha mfuko wa plastiki.

#21 KereaNaNondo

Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, na hata hivyo ilikuwa inachanika. Kata duara kwenye ndara, soli nyembamba ya milimita 3 au 4 iliyooshwa, ipime kwa kukandamiza mdomo wa dumu juu yake mpaka ipate alama, kata kwa kufuata alama ya nje. Iweke ndani ya mfuniko na ukaze kwa mkono mpaka mwisho. Kama bado linavuja, angalia uzi wa mdomo, pengine mfuniko ni wa dumu jingine. Na lijaze hadi shingoni, lisibaki pengo.